Asiye na Mwenzake

Mtunza maabara wa sekondari moja mjini Bariadi, aliyehamia peke yake kutoka Pangani, huvaa saa mkono wa kulia ili wa kushoto ubaki mtupu. Kidato cha nne wanapojizoeza kuhesabu mapigo ya moyo wawili wawili, yeye hupimana na atakayekosa mwenza. Mwaka huu wako thelathini na mmoja. Asubuhi alikata kucha, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. "Haya, nani hana mwenzake?" aliuliza, mkono kashautanguliza. "Kila mtu ana wake leo, mwalimu," Nyamizi alimjibu. "Mayige hajaja, kabaki kuchunga ng'ombe." "Basi sawa." Akaketi nyuma ya darasa, akajishika mshipa kwa vidole viwili, akahesabu dakika nzima. Kwenye karatasi akaandika themanini na nane. Penye jina la mpimaji akapaacha wazi.