Picha ya Upepo

Stanislausi Magige wa Kamunyonge hana haraka na mtu. Anayetaka picha ya kitambulisho chapuchapu anaelekezwa kwa vijana wa stendi, naye anaendelea kufuta lenzi kwa kipande cha fulana kuukuu. Kamera yake ni ya chuma, ya filamu, na haikufikirii chochote. Mwanga unaupima kwa macho, umbali unaukadiria, ukikosea, umekosea. Watu wa Musoma wanamwita fundi, na kuna siku jina hilo linamkera.

Linamkera kwa sababu ya harusi ya Mniko na Marieta, Butiama, mwaka 1987. Enzi hizo filamu zilikuwa adimu, na watoto hawakubanduka kwenye kamera, achilia mbali wajomba waliokwisha kulewa. Mpigapicha mjanja alikuwa na dawa yao: anafika na kamera tupu, anawapanga, anafyatua, wanashangilia, wanatawanyika. Hiyo ndiyo picha ya upepo. Kisha anajifungia chumbani, anaweka filamu, kazi inaanza.

Siku hiyo aliwapigia watoto upepo wao vizuri tu, akaingia chumbani, akaitwa chai. Chai ilikuwa na maandazi. Akatoka hapo moja kwa moja kanisani, akapiga ndoa nzima: pete, keki, mama mkwe akilia. Namba za kamera zikahesabu mpaka thelathini na sita. Jioni alipoifungua, Yesu wangu! Ndani hamna kitu. Filamu ilikuwa mfukoni mwa koti, kwenye kikopo chake.

Akawaambia imeungua kwa mwanga. Mtu amekuja na koti na tai, utambishia nini? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilifika miaka thelathini na minane.

Mwaka jana Mniko akafariki. Mwaka huu, mwezi wa saba, Marieta, ambaye siku hizi ni Mama Bernado, akampigia simu Stanislausi.

"Njoo unipige ya filamu. Msumari wa picha ya harusi Mniko alioupigilia bado upo, unashika kalenda tu."

Stanislausi alibakiwa na filamu moja, aliyokuwa akiihifadhi kwenye friji ya soda ya jirani. Akaichukua, akapanda gari la Butiama. Njia nzima alijiuliza kama atasema au atapiga picha yake anyamaze. Alikuwa anaona aibu, mzee wa miaka sitini na tisa.

Mama Bernado alikuwa ameshakaa kwenye kiti kivulini mwa nyumba, kitenge kipya, mikono magotini. Binti yake Happyness alisimama kando na simu.

"Mama, si ningekupiga na hii?"

"Hiyo ilishaingiaga majini na picha za baba yako zote. Tulia."

Stanislausi akafungua kamera mbele yao, akanasa ulimi wa filamu, akafunga. Kasi akaiweka mia moja ishirini na tano, tundu la lenzi akalifungua kidogo kwa ajili ya kivuli. Akavuta mkono wa kamera kwa dole gumba la kulia, jicho likiwa kwenye kifundo kidogo cha upande wa kushoto. Hiyo ndiyo desturi yake tangu harusi ile.

"Hicho unakiangaliaga nini?" Mama Bernado akauliza.

"Kikizunguka, filamu inatembea. Kikitulia, unapiga upepo."

"Siku ya harusi yangu kilizunguka?"

Hapo angeweza kudanganya tena. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Hakikuzunguka, Mama Bernado. Filamu haikuungua. Haikuwemo. Nilisahau kuiweka."

Happyness akashusha simu. Mama yake akafuta goti ambalo halikuwa na vumbi.

"Mniko ndiye alifungua mlango akuite chai," akasema. "Ukasema imeungua kwa mwanga. Akajua ni mwanga aliouingiza yeye. Miaka yote alikuwaga ananiomba msamaha wa ile picha, Stani. Hata hospitalini aliniomba."

Stanislausi hakuwahi kujua kwamba Mniko alijilaumu kwa mlango ule.

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia. Piga."

Akazungusha lenzi mpaka mikunjo ya uso ikakaa sawa, akafyatua. Akavuta, akafyatua. Akabana kiwiko ubavuni kama alivyofundishwa ujanani. Akapiga filamu yote, thelathini na sita, za mtu mmoja kwenye kiti kimoja.

Alizisafisha mwenyewe Kamunyonge, kwenye chumba chake cha giza. Zote zilitoka, safi kabisa. Akachagua moja, akaiwekea fremu, akaipeleka Butiama, akaitundika kwenye msumari wa Mniko kwa mkono wake.

Wageni wanaisifu, ila wanauliza mbona mama hakuangalia kamera. Aliiangalia. Katika picha zote thelathini na sita, macho yake yako kwenye kile kifundo.