Baba wa Ubatizo Kaja na Kufuli

"Wewe Zablon, hata kaburi la mama yako likipigwa mnada utalinunua, tena utaomba upunguziwe kwa sababu lina mtu ndani!"

Emiliana alipiga kelele mpaka nusu ya Chang'ombe ikatoka milangoni. Zablon alikuwa anagonga ukuta kwa kidole, asikilize kama tofali ni la kuchoma. Jiko alishalibomoa kichwani.

Bwana huyu zamani aliuza mtama sokoni Majengo. Siku moja akanunua mnadani kibanda cha mteja wake aliyeshindwa mkopo wa benki, akamuuzia kwa faida mtumishi mmoja wa serikali aliyehamia mjini. Akaona kumbe kupepeta mtama ni kujichosha bure. Tangu hapo mnada haumpiti. Anakuja na shati la kanisani, anampa mwenye nyumba soda baridi na pole, halafu anachukua nyumba. Mfukoni hakosi kufuli jipya.

Emiliana alikopa alime alizeti Haneti, mvua ikamcheka, benki ikaitangazia mnada nyumba yake. Majirani wakakubaliana: siku ya mnada hakuna kufungua mdomo, ataje bei kaka yake Luka peke yake, kwa pesa waliyomchangia. Zablon naye akaitwa kwenye kikao. Angeachwaje, na ndiye baba wa ubatizo wa Gladness, binti wa Emiliana? Akaombea chakula, akala ugali na mlenda, akaramba vidole, kisha akauliza kwa upole, "Mmefikisha ngapi, dada yangu?"

Wakamwambia.

Mnadani Luka akataja yote, mpaka senti ya mwisho. Zablon akaongeza laki moja. Dalali akagonga nyundo.

"Laki moja!" Sasa, mbele ya nyumba, sauti ya Emiliana ilishakauka. "Si bora hata ungetuzidi kwa mamilioni!"

"Ya nini, dada? Mimi si mtu wa kutapanya."

Jirani mmoja akacheka, kisha akaangalia chini.

"Kitanda hicho kitoeni," Zablon akawaambia wapagazi. "Kinakwaruza mlango wangu."

Gladness akatoka nyuma ya kitanda, begi la shule mgongoni. Alipomwona, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama analia tangu asubuhi. Umekuja kutuombea turudi ndani?"

Zablon akabana kufuli mlangoni, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika. Akapangusa vumbi kwenye shati lake la kanisani, akaenda zake kusimamisha bajaji.