Swaumu na Mavazi ya Wapagazi

Ukuta wa chumba cha nyuma uliporomoka mchana, mvua ikiwa imeshakatika na jua limeanza kuchoma. Swaumu alikuwa uani anaanika magunia. Alisikia mlio mzito, kama lori linamwaga mchanga, kisha akaona dirisha la chumba limezibwa na udongo. Hakukimbia. Aliweka gunia chini, akakaza kanga kiunoni, akaenda kutazama. Matope yalikuwa yamefunika ngoma mbili na kreti la viatu. Kupitia tundu jipya aliona ua wa jirani, na jirani mwenyewe amesimama karibu na beseni la nguo, mikono imejaa povu.

"Pole, mama Hafsa," jirani akasema.

"Nimeshapoa."

Lililomjia moyoni kwanza, kabla ya huzuni yoyote, lilikuwa hili: sasa watu wa makumbusho watakuja kuvichukua vitu vyao. Na alipolifikiria neno hilo mabega yake yalishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mtungi. Baadaye aliona haya.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya soko, pale Tabora mjini, na kibao cha mlangoni kinasema ni tawi la Makumbusho ya Taifa ya Maigizo. Mtaani hakuna anayesema hivyo. Wanasema kwa Hilali. Huyo Hilali alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Omani, watu waliouza nguo na chumvi tangu enzi za misafara, na alitarajiwa kulishika duka la baba yake. Alilishika kweli, lakini majora ya dukani yalianza kwenda jukwaani, jora hili na lile, mpaka ndugu zake wakamwachia nyumba ya babu na kugawana kilichobaki. Yeye aliona amepata. Alikusanya vijana wa mjini, Waswahili wa Gongoni kwa Wanyamwezi wa vijijini, akawafundisha mchezo alioutunga mwenyewe kuhusu wapagazi waliobeba pembe kutoka Ujiji kwenda pwani.

Aliyeshona mavazi ya mchezo huo alikuwa Majidi, fundi cherehani wa Ng'ambo, baba yake Swaumu. Siku moja Majidi aliumwa, akamtuma binti yake apeleke kanzu zilizokuwa tayari. Swaumu alikuta mazoezi yamekwama. Mmoja wao alikuwa amesahau maneno, na Hilali alikuwa anapekua makaratasi kwa hasira. Swaumu, aliyekuwa amekaa mlangoni akisubiri kulipwa, aliyataja maneno yale. Alikuwa ameyasikia yakirudiwa tangu alipofika.

Hilali alimgeukia. "Wewe binti wa Majidi, una sauti?"

"Ninayo ndogo tu."

"Hiyo hiyo ndogo ndiyo ninayoitaka."

Basi akawa mkumbushaji. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waigizaji maneno yanapowatoka. Walisafiri kwa treni kufuata njia ile ile ya misafara, wakashuka Igalula, wakashuka Kaliua, wakaingia mpaka Sikonge kwa malori ya tumbaku, wakacheza ndani ya maghala kwa sababu hakukuwa na ukumbi mwingine. Watazamaji walikaa juu ya marobota. Mavazi yalinuka tumbaku wiki nzima, na Swaumu ndiye aliyeyafua, kwa kuwa aliyekaa nyuma ya pazia alihesabiwa kuwa hana la kufanya mchezo ukiisha.

Aliyependwa kuliko wote alikuwa Nassibu, kijana mrefu mwenye kifua, aliyeigiza kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara akiwaonyesha wapagazi njia. Alivaa joho jekundu na manyoya kichwani, na alipoingia, watoto walipanda mabegani mwa baba zao wamwone.

Kisha yakaja mabanda ya video. Watu wakaacha kuja, waigizaji wakaoa na kuolewa, wengine wakafa. Kabla Hilali naye hajafariki, aliikabidhi nyumba yake serikalini pamoja na vyote vilivyokuwamo, iwe makumbusho. Swaumu aliombwa akae kwa muda, mpaka apatikane mtaalamu. Muda huo ulimkuta na mtoto mgongoni na kumwacha na mvi.

Watu hudhani kutunza makumbusho ni kukaa kwenye kiti na kusubiri wageni. Kila masika ilibidi atoe mavazi yote nje jua likitoka, ayakung'ute, ayapindue, ayaangalie kwenye pindo, kisha ayarudishe na dawa ya nondo iliyomtia kikohozi. Alipigana na mchwa kwa mafuta machafu ya magari. Alipigana na popo. Wanafunzi walipoletwa, aliwaeleza merikani ni kitambaa gani na kaniki ni kipi, na kwa nini mpagazi alifunga njuga miguuni, na karibu kila mara palikuwa na mmoja aliyeuliza kama yeye alishawahi kuonekana kwenye televisheni. Akiwajibu hapana, wanahamia kwenye ngoma. Mumewe alifariki ndani ya miaka hiyo, magoti yakaanza kumsumbua, na bintiye Hafsa, aliyeolewa Igunga na kuuza mchele huko, alimpigia simu kila Ijumaa na swali lile lile.

"Mama, utakuja lini ukae?"

"Nikipata wa kumwachia."

Lakini hakuwahi kumtafuta, na makao makuu nao hawakumtafuta.

Baada ya ukuta kuanguka alikuja mama mmoja kutoka makao makuu Dodoma, jina lake Advera, msimamizi wa vitu vya kale vya jukwaa. Alivua viatu mlangoni, akasema shikamoo, akashika kazi. Alikwenda chumba kwa chumba na tochi, akagonga kuta, akanusa masanduku. Aliinua joho la kirangozi kwa mikono miwili kama mtu anavyoinua mtoto aliyelala, na Swaumu, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, alishindwa.

Wakaketi barazani. Swaumu akamimina chai.

"Mama, sitakudanganya," Advera akasema. "Nyumba hii haitavuka masika mengine. Tunataka kuvihamishia Dodoma. Tuna ghala kavu, tuna watu wa kuvihudumia."

"Na nyumba?"

"Hiyo sijui. Wakubwa wanasema itajengwa upya. Mimi sijaona chochote cha kuniaminisha."

Swaumu alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. "Vichukueni," akasema.

Advera alimtazama. Bila shaka alikuwa amejiandaa kwa mabishano. "Hutaki kwanza kuzungumza na wenzako?"

"Wenzangu gani, mwanangu? Waliobaki ni wazee. Na hawakuwahi kuja kuanika."

Habari hiyo, kama habari zote za Tabora, ilifika sokoni kabla ya chai kupoa. Mzee Nassibu, kirangozi wa zamani, siku hizi aliuza asali ya Sikonge kwenye meza ndogo karibu na mlango wa soko, na bado alikuwa na kifua, ingawa mguu mmoja aliuburuta. Siku hiyo aliendelea kupima asali. Lori lilipokuja kupakia, walimkuta ameketi juu ya kizingiti cha mlango wa Hilali, fimbo imelala magotini, na kati ya miimo ile miwili hapakuwa na pa kupita.

Wapakiaji walimwamkia, wakamsihi, wakarudi kuegemea lori. Advera alijaribu kwa adabu, akajibiwa kwa adabu, na mzee hakusogea. Ikabidi Swaumu aitwe kutoka ndani.

"Shikamoo kaka Nassibu."

"Marahaba. Umewauzia?"

"Hakuna aliyeuza. Vinahamishwa."

"Vinatolewa Tabora. Sisi ndio tulioubeba mchezo ule. Hilali alisema vikae hapa, njiani walikopita wapagazi wenyewe. Huko Dodoma nani alipita na pembe?"

"Walipita na huko, kaka. Ugogo yote walipita."

Wapakiaji wawili wakacheka, na Nassibu akakasirika zaidi. "Wewe hujui," akasema. "Hata siku moja hukupanda jukwaani. Hujawahi kulivaa joho lile na watu wakasimama. Kwako wewe ni nguo tu."

Swaumu alikaa chini. Hakukaa kwa ajili ya mazungumzo. Magoti ndiyo yaliyomkalisha, pale pale kwenye ngazi, chini ya miguu ya mzee.

"Ni kweli," akasema. "Kwangu ni nguo. Nimezifua, nimezitia viraka. Baba yangu alizishona, mimi nikazizeekea. Mlipomaliza mchezo mkapigiwa makofi, mkaenda kunywa kahawa, mimi nilikuwa nakunja. Na Hilali alipozikwa, wote mlikuja, mkalia, mkaondoka, mimi nikabaki nakunja. Mwaka jana nilipougua, unajua aliyeanika?"

Nassibu aliigeuza fimbo magotini.

"Hakuna. Ndiyo maana nondo wameingia kwenye bega la joho lako. Nimechoka, kaka Nassibu. Sijui niliseme vipi ulielewe. Ukuta ulipoanguka nilifurahi."

Swaumu alitegemea angefoka. Mzee alitazama mtaa, akisugua paja la mguu mbovu. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Alijikongoja kusimama, akashindwa, na Swaumu akampa bega, naye akamshika, wote wawili wakipumua kwa nguvu kama watu waliopanda mlima. Akaenda msikitini.

Wapakiaji walifanya haraka, huenda kwa kuogopa kwamba atarudi kuketi. Aliporudi, kweli, joho lilikuwa limeshalazwa kwenye boksi refu, limefunikwa kwa karatasi laini, na boksi limefungwa.

"Mlinisubiri niende kuswali," akasema.

"Hatukusubiri, mzee wangu," Advera akajibu. "Lakini hatukusimama pia. Nisamehe." Kisha akamwomba jambo. Makumbusho, alisema, yana mavazi mengi ambayo hakuna ajuaye aliyeyavaa alisema nini. Wanakwenda miji yote kurekodi sauti za waigizaji wa zamani kabla hazijapotea, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi wanayochelewa nayo kuliko zote. Je, angekubali kusema maneno ya kirangozi?

Nassibu alitaka kukataa. Swaumu alimwona anavyotaka. Lakini mtu aliyewahi kusimama mbele ya watu ni vigumu kukataa akiombwa asimame tena. Wakaingia kwenye chumba cha mbele, kilichokuwa kimebaki kitupu, kuta zina alama nyeupe pale yalipotundikwa mavazi. Advera akaweka kinasa sauti juu ya kiti. Swaumu, bila kufikiri, akaenda kusimama kando ya mlango wa ndani, mahali ambapo pazia lingekuwepo.

Mzee alianza vizuri. Ile sauti ilikuwapo bado, imekwaruzika tu. Aliwaamrisha wapagazi wainue mizigo, akawataja kwa majina, akawaambia maji yako mbele. Akafika pale ambapo msafara unaiona Tabora kwa mbali na kirangozi anawahimiza, akanyamaza. Mdomo ulibaki wazi. Advera alidhani ni madoido ya uigizaji, akasubiri. Swaumu alijua.

"Moshi ule si wa pori," akanong'ona.

"Moshi ule si wa pori," Nassibu akadaka, "ni wa meko. Leo mtakula chakula kilichopikwa na mwanamke." Akaendelea, akakwama tena, akanong'onezwa tena. Kuelekea mwisho alikuwa anakwama kila sentensi, na Swaumu alikuwa anasema nusu ya maneno yote, yeye kwa sauti ndogo, mzee kwa sauti kubwa, mpaka wakafika.

Advera alizima kinasa. "Sauti ya mama nitaiondoa tukisafisha," akasema. "Mitambo inaweza."

"Iache," Nassibu akasema. Alikuwa ameketi chini, anajipepea kwa kofia. "Ndivyo tulivyokuwa tunacheza. Mimi sikuwahi kuyajua yale maneno yote." Hakumtazama Swaumu aliposema hivyo.

Lori likaondoka jioni kwa barabara ya Itigi. Jirani alileta uji. Swaumu alifagia nyumba tupu, akafunga mlango, akampa funguo afisa wa wilaya kesho yake, na mwisho wa juma akapanda basi la Igunga.

Alidhani atalala. Kwa kweli hakulala. Wiki za kwanza aliamka alfajiri mvua ikinyesha, mwili mzima umeshtuka, akitafuta viatu akaanue, mpaka Hafsa akaja na taa kumwuliza anakwenda wapi. Advera naye alipiga simu kila mara: kofia hii ya mchezo gani, kiraka hiki kwa nini ni cha bluu. Swaumu alijibu yote, wakati mwingine akiwa anachagua mchele dukani kwa bintiye, simu ameibana kwa bega. Kiraka kilikuwa cha bluu kwa sababu kitambaa chekundu kilikwisha wakiwa Urambo. Hakuna sababu nyingine.

Mzee Nassibu alipiga mara moja. Waliulizana hali kwa kirefu, za mguu, za magoti, za wajukuu. Alisema nyumba imeanguka upande mwingine pia, na vijana wameanza kuchukua matofali. Alisema asali mwaka huu ni chache. Halafu akasema, "Haya dada," akakata.

Mvua zilipopungua simu za Dodoma nazo zikapungua. Siku moja Hafsa alirudi kutoka dukani akamkuta mama yake amelala chumbani, mchana kweupe, mlango wazi, kuku wanazunguka kitanda. Aliwafukuza kimya kimya. Swaumu alizinduka wakati wa alasiri, akakaa ukingoni mwa kitanda, uso una mistari ya mkeka.

"Yule mama Advera alinipigia mimi," Hafsa akasema. "Wamefungua ukumbi. Joho liko mbele kabisa, na sauti zenu zinasikika mtu akikaribia. Anasema watatuma nauli. Hutaki kwenda kuviona?"

Swaumu alifikiri. Alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, akasikiliza magoti.

"Sijui," akasema. "Labda kiangazi." Akaomba maji ya kutawadha.