Abiba na Disketi ya Lobokat

Watu wa Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo, walimjua Abiba Denge kwa masikio. Ukipita nje ya ofisi ya ushirika wa wauza mifugo ukasikia taipureta inagongwa mfululizo, basi yumo. Ukisikia kimya, ameenda kuswali. Alikikalia kiti cha mpiga taipu tangu ukame wa miaka ya sabini ulipomaliza ng'ombe wa baba yake ukamsukuma mjini, na kwa kiti kile alimlea binti yake Tache, mume akiwa ameshatangulia. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Robow, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo, alimwita "mkono wangu wa kulia." Maneno matamu hayalipiwi kodi.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, wafadhili wakaleta kompyuta. Waliijaza habari za mifugo: bei za minada, magonjwa, vibali, njia za malisho. Kisha wakaondoka bila kuacha programu ya kuzifungulia. Habari zote zilikuwa ndani na hakuna aliyeweza kuisoma hata moja. Robow aliizunguka ile mashine kama anayekagua dume la kununua, akasema mbele ya watu:

"Abiba, mkutano ya wanachama ikifika na hii kitu haijafunguka, mimi naita Hersi kutoka Nairobi. Yeye amesoma mambo ya kompyuta."

Hersi alikuwa mtoto wa dada yake Robow. Abiba alishikwa na baridi katikati ya jua la Isiolo. Kiti hicho kikienda, Tache angerudi kutoka sekondari na kufunga virago vyake kabisa. Mkono wa kulia, kumbe, hukatwa hivi hivi, mwenyewe anacheka.

Aliyemwokoa alikuwa Lobokat, mpima visima wa Kiturkana mwenye kambi Archer's Post, aliyepita ofisini kutafuta ramani. Aliposikia shida, alitoa disketi mfukoni mwa shati. Ndani yake, alisema, mna programu ya kupekua: unafungua ukurasa kwenye skrini, unaruka kwenda mwingine, unarudi ulikotoka.

"Nani anauza?" Abiba aliuliza.

"Haiuzwi, mama. Watu waliandika wakaacha wazi, kila mtu aangalie ndani, akiweza arekebishe. Sharti ni moja tu: mtu akikuomba, usimnyime."

Abiba alimtazama usoni kuona kama ametafuna miraa kupita kiasi. Lobokat alisukuma disketi kwenye mdomo wa mashine, akapiga neno moja, na bei za mnada zikajaa skrini. "Wallahi!" Abiba aliruka kutoka kitini. Lobokat akamweleza namna ya kuinakili programu ndani ya mashine kwa mkono, faili baada ya faili, akaenda sokoni kutafuta nyama. Lakini Abiba alikuwa ameshaacha kusikia. Macho yake yalikuwa yameona. Sasa masikio ya nini?

Kwa watu wa Abiba, ukipewa mnyama, kamba yake hurudi na aliyekupa. Ukibaki nayo umefunga heri ya zizi lake. Mnyama ameingia, alijiambia, na hii disketi ndiyo kamba. Lobokat aliporudi alimkuta ameishika mkononi.

"Imeingia?"

"Imeingia, nimeiona kwa macho yangu. Chukua kamba yako."

"Baki nayo, mama, pengine utaihitaji."

"Usinitie katika dhambi, Bwana Lobokat." Akamtumbukizia mfukoni. Mpima visima akacheka, akapanda gari lake.

Siku ya mkutano ofisi ilijaa mpaka dirishani. Abiba alivaa buibui jipya, akakaa, akapiga neno lile. Mashine ikajibu kwamba hailijui. Akapiga tena. Haikulijua. Aliona mali kwa macho yake! Imekwenda wapi?

"Hiyo programu iko wapi?" Robow aliuliza, na sauti yake haikuwa na huzuni nyingi.

Abiba alisimulia yote. Mzee Galma, aliyekuwa mkongwe kuliko wote mle ndani, aliinua fimbo.

"Kamba ulirudisha?"

"Nilirudisha."

"Basi hakuna makosa. Angebaki na kamba ya mtu, hapo ndiyo mngemfukuza."

Wazee wakaitikia. Robow, ambaye naye aliishi kwa kuuza na kununua mifugo kwa desturi hiyo hiyo, alikosa pa kutokea, akampa muda mpaka mnada ujao.

Abiba alipanda lori la mbuzi mpaka Archer's Post. Lobokat alicheka hadi akajifuta macho. "Uliona mnyama amesimama mlangoni, mama. Hakuingia. Alikuwa anasomwa kutoka kwa disketi." Safari hii Abiba alisikiliza mpaka mwisho, na disketi akaikubali, maana mnyama hakuwa ameingia bado.

Alirudi akafanya kazi kwa mkono. Aliitengenezea programu chumba chake ndani ya mashine, akazinakili faili moja moja, akakosea herufi, akaanza upya, kisha akaiambia mashine mahali pa kuitafuta kila inapoamka. Akatoa disketi, akazima, akawasha, akapiga neno. Bei zikajaa skrini, mdomo wa mashine ukiwa mtupu.

Furaha yake haikudumu. Aliitazama disketi mkononi, akaitazama skrini. Akakimbia kwa Mzee Galma.

"Abbo Galma, nimeiba? Kitu iko kwangu, na bado iko hapa kwa disketi yake!"

Mzee alifikiri sana. "Mtu amekupa ngamia, akaenda naye, na wewe ngamia huyo huyo uko naye?" Akatikisa kichwa. "Abiba, nenda ulale."

Kesho yake Robow alikuja na Hersi, kijana mpole mwenye miwani. Robow alitazama kurasa zikifunguka, akauliza, "Imeingia kabisa? Haitatoka tena?"

"Haitatoka, Mwenyekiti."

"Alhamdulillahi. Basi kazi ngumu umemaliza. Mfundishe Hersi leo, jioni umwachie ufunguo."

Akatoka. Alisema hivyo kama anayeagiza chai! Kidole cha Abiba kilikuwa juu ya vitufe, na neno la kufuta programu yote alilijua, lilikuwa fupi. Akalitazama neno hilo moyoni mwake kwa muda mrefu.

"Mama Tache," Hersi akasema kwa sauti ndogo, "naomba unionyeshe."

Ameomba. Abiba akavuta kiti cha pili. Alimfundisha kutoka asubuhi mpaka adhana ya alasiri: chumba, faili, neno la kuamsha, hata makosa yake mwenyewe asiyarudie. Hersi aliandika, kisha kalamu ikasimama.

"Mama Tache, unajua mimi ndiye nachukua hii kazi yako?"

"Najua."

"Na unanifundisha yote?"

Abiba aliweka ufunguo mezani, akajifunga mtandio, akatoka. Aliishia kwenye ngazi. Akakaa pale pale mbele ya wauza mbuzi na wapita njia, akalia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamsikia.

Hersi alimfuata, ufunguo mkononi. Alisimama, akainama, akauweka ufunguo kwenye mapaja ya Abiba, kisha akakaa kando yake kwenye ngazi. Robow aliporudi kutoka msikitini aliwakuta hapo wote wawili, ofisi iko wazi, mashine inawaka, na kiti hakina mtu.