Maua ya Jirani Yalivyooza Mikononi Mwangu

Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge pale mpakani Tunduma, alipopelekwa Mbeya kupasuliwa tumbo aliniachia maua yake mawili. Yalikuwa yale ya majani marefu, magumu, yanayosimama wima kama panga. Aliyapanda kwenye ndoo za rangi, akayaweka sebuleni.

"Mdogo wangu, nitunzie," aliniambia akiwa ameshikiliwa mlangoni. "Nikirudi niyakute."

Nikayahamishia kwangu. Kila asubuhi niliyamwagilia kopo zima la maji. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa za wachache, na habari alizoleta kaka yake kutoka Mbeya zilikuwa mbaya: kidonda kimetunga usaha, amerudishwa chumba cha upasuaji. Kila niliposikia hivyo, niliongeza maji. Mwezi wa pili tangu aondoke, majani yakageuka njano, yakalegea shinani, moja likaanguka lenyewe. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilishaamini kwamba maua yakifa, naye harudi.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Mbozi. Maisha yake yote alikuwa akilea miche ya kahawa. Aliinama, akanusa ndoo, akakunja uso.

"Unamwagilia mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Na maji yakizidi yanatokea wapi?"

Nikainua ndoo. Chini hapakuwa na tundu hata moja.

"Haya hayana kiu, mwanangu. Yamezama."

Tukayang'oa uani. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza kama mlenda, inanuka. Alikata kila palipooza kwa kisu cha jikoni mpaka akafika kwenye nyama nyeupe, ngumu. Tukabaki na vipande vitatu tu. Nilitaka kuvipanda hapohapo, akanizuia mkono. Vililala kivulini siku nne mpaka palipokatwa pakakauka. Tukatoboa ndoo kwa msumari wa moto, tukachanganya udongo na mchanga mwingi, ndipo akavipanda.

"Chomeka kijiti mpaka chini," alinielekeza. "Kikitoka na unyevu, weka kopo lako chini."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile ya kuacha. Wiki zikapita, vipande vimesimama tu. Asubuhi moja ya Juni, baridi imekaza, nikaona ncha imechomoza ukingoni mwa ndoo, nene kama kidole gumba. Nikaketi sakafuni, nikalia kwa furaha, nikachelewa kazini.

Jirani alirudi mwezi uliofuata, kwa miguu yake mwenyewe, amekonda. Nilimweleza yote kabla hajaketi. Alicheka huku ameshika tumbo, akinisihi ninyamaze maana mshono unamvuta.

"Kila siku?" akasema. "Dada, mimi nilikuwa namwagilia nikikumbuka!"

Akachukua ndoo moja, nyingine akasema ibaki kwangu. Jioni nilimpelekea uji wa ulezi. Akamaliza bakuli, akaomba jingine.