Rafu ya Vitabu Isiyo na Mgongo

Juzi mvua ilinikuta Kebirigo. Unaijua mvua ya kwetu: asubuhi jua linakuchekea, unafua na kuanika, kisha alasiri mbingu inafunguka kana kwamba huko juu kuna mtu aliyekasirika. Nilikimbilia hoteli ndogo kando ya barabara, kwa kadiri mwanamke wa umri wangu anavyoweza kukimbia, nikaagiza chai. Nilipoinua macho, nikaiona. Ilikuwa imejaa mikate, soda na biskuti, tena imepakwa rangi ya buluu isiyo yake, lakini niliitambua papo hapo. Ni rafu ndefu ya mbao, wazi mbele na wazi nyuma. Mwenye hoteli aliniambia aliinunua kwa mtu, na kwamba fundi aliyeitengeneza lazima alikuwa mvivu, maana aliiacha bila mgongo. Mimi nimekuwa mkutubi maisha yangu yote, nimepanga vitabu katika rafu za chuma na za vioo, na sijaona nyingine iliyofanya kazi kubwa kama hiyo.

Ngoja nikueleze. Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, nikiwa msichana mdogo, Kebirigo ilipata chumba cha kusomea. Jengo lenyewe halikuwa la kujivunia: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, mabati juu, mlango mmoja ukitazama soko na mwingine ukitazama migomba. Vitabu vililetwa na gari la serikali katika masanduku yaliyonuka ukungu. Gazeti la Kiswahili lilitoka kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Kisii. Likishasomwa dukani kwake, alimkabidhi dereva wa basi, nalo likatufikia limechelewa na lina madoa ya bizari. Sisi tuliliona jipya kabisa.

Mkutubi alikuwa binti wa kwetu, ila alilelewa Nakuru. Alipanda baiskeli na sketi yake, akaongea na chifu bila kuinamisha kichwa. "Uhuru haukuja kwa wanaume peke yao," alisema sokoni, na akina mama waliokuwa wakiuza ndizi wakacheka huku wameziba midomo. Nilimpenda tangu siku hiyo. Akaweka meza moja ndefu katikati ya chumba, viti pande zote, akatangaza kwamba hapo kila mtu atakaa na kila mtu: mume kwa mke, Msabato kwa Mkatoliki, mzee kwa kijana.

Hapo ndipo alipokosea. Kwetu kuna chinsoni, yaani ile heshima inayomtenga mzazi na mkwe wake. Tangu baba yangu aoe, babu hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba yetu. Mama yangu hakuwahi kumpa babu mkono wala kula mbele yake, na wakikutana njiani, mama aliingia kwenye nyasi akatazama kando mpaka babu apite. Haikuwa chuki, rafiki yangu. Walipendana hivyo hivyo, kwa mbali. Sasa hebu fikiria watu kama hao wawekwe meza moja. Mzee alifika mlangoni, akachungulia, akamwona mke wa mwanawe, akageuka kana kwamba amekumbuka ng'ombe wake. Mama mmoja alichungulia, akaona kofia ya baba mkwe wake, akatoweka. Majuma yakapita chumba kikiwa na watoto tu na mkutubi, aliyekaa kwenye meza yake ndefu akiwa amekasirikia wilaya nzima.

Aliyemwokoa ni nyanya yangu. Nyanya hakujua hata herufi moja, lakini alipenda kuingilia mambo. Alimpelekea mkutubi kibuyu cha uji wa wimbi, akaketi, akamwuliza, "Binti, wewe unataka watu wasome, au unataka wakae meza moja?"

"Nataka vyote viwili," mkutubi akasema.

"Basi anza na kimoja."

Mkutubi alinuna kwa siku kadhaa. Mimi pia ningenuna. Hakwenda chuoni kujifunza kujenga ukuta. Lakini mwishowe alimwita seremala, wakaisimamisha rafu ndefu ya vitabu katikati ya chumba, pale palipokuwa na meza, iwe kama ukuta, na seremala akang'oa mbao za nyuma ili kitabu kichukuliwe kutoka upande wowote. Wanaume wakaingia kwa mlango wa soko, wanawake kwa mlango wa migomba. Chumba kikajaa. Jumamosi kilifungwa, maana nusu ya soko ilikuwa kanisani, lakini Jumapili alasiri, Wakatoliki wakitoka misa na Wasabato wakiwa wamepumzika, ulikosa pa kuweka mguu.

Mama ndiye aliyekuwa msomaji wa upande wa migomba. Asubuhi alichuma chai, akapeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai, kisha akasugua vidole vyake kwa ndimu, maana utomvu wa chai huacha weusi na hakutaka kuchafua kurasa. Alikuwa amesoma hadi pale ambapo wasichana wa wakati wake waliondolewa shuleni waolewe. Aliwasomea wenzake gazeti kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, akiigeuza kwa Ekegusii, lugha yetu. Sauti yake nyumbani ilikuwa ya kuita kuku na kutuma watoto. Pale chumbani ilikuwa sauti nyingine, na mpaka leo naisikia.

Upande wa soko, kwenye benchi lililoipa rafu mgongo, alikaa babu. Yeye pia hakujua kusoma. Alikuja, akasema, kukwepa mvua, na alikuja hata siku za jua. Babu na mjukuu kwetu hutaniana bila mpaka. Mimi aliniita mke wake, akanilalamikia kwamba sijui kupika. Kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi. Babu akitaka kuuliza jambo, aliniita: "Mke wangu, muulize huyo anayesoma, huyo waziri anasema barabara itajengwa, ametaja ni lini?" Mama alikuwa amesikia kila neno, alikuwa umbali wa kitabu kimoja. Lakini alingoja nizunguke rafu, niseme, kisha akanijibu: "Mwambie babu yako hakutaja." Nami nikazunguka tena kupeleka jibu ambalo babu alikwisha kulisikia na kulitingishia kichwa. Na mama akinyamaza kidogo ili apumue, babu alisema neno lake lile lile: "Mwambie aendelee."

Hivyo ndivyo walivyozungumza, mtu na mkaza mwana wake, kwa miaka. Kabla ya rafu ile hawakuwa na cha kuambiana ila salamu.

Siasa ndiyo iliyotaka kutuharibia. Siku moja gazeti liliandika kwamba soko letu limekwisha kupata maji ya bomba. Mama alisoma, akasita, akarudia. Wanawake waliotoka mtoni asubuhi hiyo hiyo na mitungi walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha hawakucheka tena. Siku ya soko walimzunguka diwani wetu: "Bomba liko wapi, tukinge?" Diwani alikuwa akijiandaa kwa uchaguzi. Haukupita muda, tukasikia chumba kinatakiwa kiwe ofisi ya chama.

Nyumbani mama aliosha vyombo, akaviosha tena. Nilijua anaomboleza, kwa kuwa bila chumba kile angerudi kuwa mtu wa kuku tu.

Chifu akaitisha baraza. Diwani alikuwa mjanja. Hakutaja bomba hata kidogo. Alitaja chinsoni. "Wazee, hii nyumba inaharibu mabibi wetu," alisema. "Mzee na mke wa kijana yake wako nyumba moja, wanasikizana. Hiyo ni tabia gani? Nyinyi mnakubali?" Macho yote yakamgeukia babu, maana hakuna aliyeshika mila kumshinda. Mkutubi alikuwa amekunja mikono. Aliogopa kusema, kwani angesema lolote lingekuwa ushahidi dhidi yake. Mimi niliogopa babu ataona aibu, na akiona aibu basi yamekwisha.

Babu alisimama polepole. "Nimekaa katika nyumba hiyo kuliko mtu yeyote hapa," akasema. "Sijawahi kumwona mke wa mwanangu akisoma. Nimemsikia. Heshima yetu inanikataza kumgusa, inanikataza kumtazama. Mimi nimezeeka na sijamsikia mtu akisema inanikataza kujua mambo ya nchi yangu." Akamgeukia diwani. "Na huyo anayesoma ananiomba nimuulize diwani, bomba liko wapi."

Mama hakuwa ameomba kitu kama hicho. Alikuwa amekaa nyuma kabisa na akina mama, kitambaa kimemfunika uso, na mabega yake yakitikisika. Baraza lilivunjika kwa vicheko, na chumba kikabaki chetu.

Hakikufungwa na chama wala na diwani. Gari la vitabu lilianza kukawia, kisha likaacha kuja. Mkutubi akahamishwa, mahali pake hakuja mtu. Mabati yakavuja. Kitu kinachopiganiwa hupata watu wa kukitetea, lakini hiki kilikufa kwa kusahauliwa tu, nasi tulikuwa shambani.

Kufikia hapo babu alikuwa mgonjwa kitandani. Mama hakuweza kuingia chumbani kwake, na sikumwona hata mara moja akitamani kuvunja mwiko huo. Alichukua kigoda, akaketi nje chini ya paa, karibu na dirisha la mbao, akamsomea kupitia ukutani kitabu cha mwisho alichoachiwa na mkutubi, hadithi ya mjane aliyekuwa akidai shamba lake kwa shemeji zake. Mimi nilikaa ndani nikimshika babu mkono. Mvua ilipoanza, mama alisogeza kigoda ukutani na kuongeza sauti. Kisha akanyamaza, akidhani mzee amelala.

Midomo ya babu ilicheza. Niliinama, nikasikia: "Mwambie aendelee."

Sauti ilikuwa imefifia mno, haikufika dirishani. Miaka yote ile nilibeba maneno yaliyokwisha kusikika; siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mama alinihitaji kweli. "Mama," nikasema, "babu anasema uendelee." Akaendelea. Alisoma mpaka mwisho wa sura, na babu hakuuliza tena kitu. Hakujua kama mjane alipata shamba lake. Mama hakukifungua kitabu hicho tena.

Nimetumia maisha yangu kutetea ile meza ndefu ya mkutubi, na meza nimeipata. Hotelini juzi wazee na vijana, wakwe na wakwe, wote walikaa pamoja, kila mtu na simu yake, hakuna aliyemwogopa mwenzake. Nafurahi, na sitaki mtu anirudishie mwiko wowote. Lakini nakumbuka sana watu wawili waliotegeana sikio kwa miaka bila kuonana uso, na sijui nimwambie nani.

Niliinuka, nikapitisha mkono kati ya mikate mpaka upande wa pili. Nilisema bila kufikiri, "Mwambie aendelee."

Msichana wa hoteli akageuka. "Nimwambie nani, nyanya?"

Nikamwomba aniongezee chai.