Tope Kwenye Gurudumu la Elangovan

Jua halijachomoza vizuri na Elangovan ameshapiga magoti kwenye maegesho ya pikipiki ya kiwanda cha vioo, kando ya barabara kuu ya kutoka Chennai kwenda Bengaluru. Anabonyeza kucha ya dole gumba kwenye tairi la nyuma la pikipiki ya mwenzake. Kucha haiachi alama. Anatikisa kichwa.

"Gumu hili, kaka. Litakaa miaka, lakini mvua ikianza litakutupa chini."

"Si wewe mwenyewe uliniambia nilinunue?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Mwenye pikipiki anacheka, akidhani ametaniwa. Elangovan anainuka, anajipangusa magoti na kwenda kwa mwingine anayemsubiri.

Kesho ni Ayudha Puja, sikukuu ya zana za kazi. Maegesho yote yanateleza kwa sabuni. Kila pikipiki inaoshwa, kesho ipakwe msandali, ivishwe maua na kuwekewa ndimu chini ya tairi. Ya Elangovan imesimama mwisho wa safu, tangi linang'aa hadi unaweza kulifanya kioo cha kunyolea ndevu. Gurudumu la nyuma tu ndilo limejaa tope kavu, kama limetoka shambani.

Elangovan, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, anaendesha mashine ya kukatia vioo. Analipwa rupia elfu ishirini na sita kwa mwezi, na kila siku anatoka Walajabad kilomita arobaini kuja, arobaini kurudi, katikati ya malori ya makontena. Kwa mtu wa safari hiyo, tairi linaloisha kabla ya mwaka ni karo ya mtoto iliyobaki barabarani. Ndiyo maana watu wa hapa huulizana habari za tairi kama wengine wanavyoulizana habari za wachumba.

"Barabara imenyooka mno," anasema. "Inakula tairi katikati tu. Pembeni kashata za mpira zimejaa kama jipya, katikati kipara."

Miaka minne iliyopita alipata tairi la mpira mgumu lenye mifereji michache. Lilimaliza mwaka wa kwanza, likamaliza na wa pili. Wenzake walikuwa wakija kuliangalia wakati wa chai. Wakamwita Daktari wa Tairi. Jina likamkaa, naye, kusema kweli, lilimnogea.

Mhariri wangu alinituma kwa ajili ya jina hilo. Alitaka makala nyepesi ya sikukuu: mfanyakazi wa kawaida anayejua kuchagua tairi lisiloisha. Nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa Elangovan aliponigusa mkono.

"Andika na hili pia," alisema. "Mimi ndiye niliyemvunja Sahayaraj mguu."

Sahayaraj ni fundi wa tanuru, rafiki yake tangu waajiriwe siku moja. Huitana shemeji ingawa hakuna aliyeoa kwa mwenziwe. Mwaka jana, karibu na sikukuu, Sahayaraj alimwomba amchagulie tairi. Elangovan akampeleka dukani mwenyewe, akamchagulia lile lile gumu.

Kilichokuwa kimetangulia hakumwambia. Wiki chache kabla, asubuhi ya manyunyu, tairi lake la sifa lilikuwa limemteleza karibu na kituo cha ushuru. Alichubuka kiwiko na paja. Nyumbani alimwambia mkewe, Malarvizhi, kwamba ameteleza bafuni.

"Ningeanzaje?" ananiuliza. "Watu wote wananiita daktari. Daktari gani anaangushwa na dawa yake?"

Kisha ikaja Ayudha Puja. Kama kila mwaka, mlinzi wa lango kuu, Kothandam, alizungusha boga jeupe juu ya pikipiki zote kuondoa husuda, akalipasua barabarani mbele ya lango. Kazi hiyo ilikuwa yake kwa miaka mingi, na aliifanya kwa madaha, shati jipya na kila kitu. Jioni mvua ikanyesha kidogo. Wafanyakazi walitoka wakikwepa vipande vya boga. Sahayaraj alitangulia, Elangovan nyuma yake. Wote wawili walilipita boga salama. Kwenye kona ya kuingilia barabara kuu, palipokuwa na maji ya mvua tu, gurudumu la nyuma la Sahayaraj likakimbilia pembeni.

Watu walipofika mbio wakiuliza kulikoni, Elangovan ndiye aliyekuwa ameshika kichwa cha rafiki yake.

"Boga," alijibu.

Neno hilo moja lilitosha. Mguu wa Sahayaraj ulitiwa vyuma, na sasa anachechemea na kuja kazini kwa basi la kampuni. Siku aliyorudi alimtukana Kothandam mbele ya zamu nzima. Uongozi ukampeleka mlinzi huyo lango la nyuma, yanakopita malori ya vioo vilivyovunjika, na tangu hapo hakuna aliyemsalimia kwa jina.

"Boga lilikuwa nyuma yetu," Elangovan anasema. "Nililiona kwenye kioo cha pembeni."

Nilimuuliza kama Kothandam analijua hilo. Akaangalia viatu vyake.

"Nilifikiri asome gazetini."

"Anasoma gazeti?"

"Anasoma. Huanza na utabiri wa nyota."

Nilimwambia gazeti halipeleki radhi za mtu mzima aliye hatua mia mbili kutoka hapo. Sikusema kwa upole, na sijuti. Akaniambia kuwa wiki hii amefanikiwa kumwambia mtu mmoja tu, mkewe.

Malarvizhi nilizungumza naye kwa simu. "Mwaka mzima ninasugua lile bafu kila asubuhi," alisema. "Namwaga dawa, nasugua, mikono imebabuka, eti mume wangu asiteleze tena. Na yeye anapita ananiambia, safi sana." Alicheka kidogo. "Nimemwambia asugue yeye sasa."

Mchana, kwenye kibanda cha chai nje ya uzio, Sahayaraj ameketi akiwa amenyoosha mguu mbovu juu ya benchi. Elangovan anakaa upande wa pili. Hagusi chai yake.

"Shemeji, siku ile hukuangushwa na boga."

"Niliangushwa na nini, mapepo?"

"Na tairi. Lilishaniangusha na mimi, kabla sijakuchagulia. Nilikuficha."

Sahayaraj anamtazama akingoja mwisho wa mzaha. Unapokosekana, anateremsha mguu kutoka kwenye benchi kwa mikono miwili.

"Na wewe bado unatembelea lile lile?"

Uso wa Elangovan unashuka. Ni swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria.

"Hapana. Nilibadilisha wiki ile ile ulipolazwa. Nikanunua linaloshika kwenye maji. Nikalipaka tope lisijulikane, na likioshwa na mvua nalipaka tena. Sijalisafisha hadi leo."

Mwenye kibanda anaacha kumimina chai.

"Mimi niko kitandani na vyuma, wewe unanunua tairi zuri?"

"Ndiyo."

"Na ukaja hospitali na machungwa."

"Ndiyo."

Elangovan ananyoosha mkono. "Usinishike," anaambiwa. Sahayaraj anainuka na kuanza kuchechemea. Haelekei kwenye tanuru lake, anashika njia ya lango la nyuma. Anatangulia, na Elangovan anafuata nyuma yake, kama jioni ile.

Kothandam yuko kwenye kiti cha plastiki, anakula wali wa ukwaju kutoka kwenye kopo. Akiwaona wawili hao anafunika chakula haraka na kusimama wima, kama mtu anayetarajia kutukanwa tena.

"Mzee Kothandam," Sahayaraj anasema, "nilikutukana bure. Huyu hapa atakwambia kwa nini."

Elangovan anasimulia. Mbele ya mlinzi maneno yanamtoka vipande vipande, na mara mbili Sahayaraj anamkatiza: "Sema na tope. Usiruke." Anasema na tope. Machozi yanamtoka, anayaacha.

Kothandam anasikiliza hadi mwisho, vidole vyake bado vina wali.

"Mwaka mzima najiuliza kama nililirusha mbali sana," anasema. "Nyumbani kwangu boga halipikwi. Mke wangu analipenda, nami nikiliona tu sokoni natoka jasho. Nimemwomba Mungu msamaha wa mguu wa huyu kijana kila siku. Kumbe kosa nililokuwa naliombea msamaha ni lako wewe?"

"Nisamehe, mzee."

"Sijui. Usiniharakishe." Anainama, anafunua kopo lake, analifunika tena. "Kesho boga napasua mimi. Lango kuu. Nina shati."

"Nitaenda ofisini sasa hivi, niwaeleze yote."

"Utaenda. Na nikishapasua, utafagia wewe. Kila kipande, kabla pikipiki ya kwanza haijapita. Watu wakuone."

"Nitafagia."

Anakwenda ofisini na kukaa humo muda mrefu. Akitoka, hadithi imeshamtangulia. Kwenye maegesho, waliokuwa wakimsubiri asubuhi wanajifanya wako kazini na sabuni zao. Mwenye lile tairi gumu anamtazama bila kicheko safari hii. "Kumbe haukuwa utani," anamwambia.

Namuuliza anatumaini nini baada ya sikukuu. Anasema atakaa hapa kila asubuhi na kumwambia kila mtu ambaye yeye alimshauri vibaya aanze na tairi linaloshika kwenye maji. Umri mrefu wa tairi utafuata akijaza upepo kila wiki tairi likiwa la baridi, na akiacha kuwabeba watu watatu. Tumaini lenyewe, anasema, ni kumwona Sahayaraj juu ya pikipiki tena, hata kama itakuwa ni kumpita yeye bila salamu.

Sahayaraj, aliyekuwa akingoja basi la kampuni, amesikia. Anakuja hadi mwisho wa safu, anasukuma ndoo ya maji kwa mguu mzima mpaka miguuni mwa Elangovan.

"Osha hilo gurudumu," anasema. "Nataka kuliona."

Elangovan anapiga magoti. Tope la mwaka mzima ni gumu, inabidi alikwangue kwa kucha. Mifereji inatokea, kisha maandishi ya ubavuni. Sahayaraj anaegemea pikipiki ya jirani, hawezi kuchuchumaa, na basi lake linapiga honi langoni.

"Endelea," anasema. "Bado upande wa pili."